Mgonjwa Asiyeumwa: Mjadala wa Kupandikiza Ini Misri na Kusini Zaidi

Upandikizaji wa ini kutoka kwa mtoaji aliye hai ni kazi ya kuwapasua watu wawili siku moja. Mmoja ini lake limekwisha, mara nyingi kwa sirosisi, yaani makovu yaliyoenea mpaka ini likasinyaa na kuwa gumu. La kwake hutolewa lote. Wa pili haumwi chochote. Hukatwa sehemu ya ini lake, hushonwa, na sehemu hiyo huunganishwa na mishipa ya damu na mirija ya nyongo ya mgonjwa. Jambo hili huwezekana kwa sababu ini likikatwa hukua tena: kipande kilichobaki kwa mtoaji na kile alichopewa mgonjwa huongezeka kwa kasi katika wiki za mwanzo, na baada ya miezi michache hukaribia ukubwa unaoutosha mwili. Umbo la awali halirudi. Kinachorudi ni wingi wa nyama inayofanya kazi.

Silvano Raia alijaribu upasuaji huu São Paulo mwaka 1988 na mtoto aliyepandikizwa hakupona. Mwaka uliofuata Russell Strong akafanikiwa mjini Brisbane kwa kipande cha ini la mama kilichopewa mwanawe. Tangu hapo hakuna anayeuliza kama unawezekana. Kinachobishaniwa ni kama nchi yenye vitanda vichache vya wagonjwa mahututi, damu ya kubahatisha na bajeti finyu inafaa kuuanza, na ikiwa itauanza, iuanze kwa hatua ipi. Barani Afrika mfano wenye mengi ya kufundisha ni Misri, ambako maelfu ya watu wamepandikizwa ini na karibu wote wamelipata kwa jamaa aliye hai. Hapa chini pande za mjadala huo zinaitwa kwa kazi zao: mpasuaji, mchumi wa afya, mwanasheria na daktari wa magonjwa ya ini. Kila mmoja anabeba hoja za wenzake wa kazi hiyo, hamsemei mtu fulani.

Anayeanza ni mpasuaji, kwa kuwa wagonjwa wake ndio wasio na muda. Mtu ambaye figo zake zimekufa, anasema, huunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki na anaweza kuishi miaka akisubiri. Ini halina mashine ya kusubirishia. Ambaye tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya manjano, na ameshatapika damu kwa kupasuka mishipa ya umio, amebakiwa na miezi, pengine wiki. Wodi za Delta ya Nile zilijaa watu wa namna hiyo. Jaribio la kwanza la kuwapandikiza lilifanyika mwaka 1991 katika Taasisi ya Taifa ya Ini huko Shebin el-Kom, likasimama mapema. Kazi ikaanza upya Agosti 2001 katika hospitali ya Dar al-Fouad, nje kidogo ya Cairo, kwa msaada wa timu ya Koichi Tanaka kutoka Chuo Kikuu cha Kyoto. Mansoura ilifuata mwaka 2004, na katika miaka iliyofuata vituo vikapita kumi.

Kuja kwa Wajapani hakukuwa bahati nasibu. Japani haikuwa na sheria iliyoruhusu kuchukua viungo kwa mtu aliyekufa ubongo hadi mwaka 1997, hivyo wapasuaji wake walilazimika kuimudu njia ya mtoaji aliye hai wakati wenzao wa Ulaya na Marekani wakitegemea maiti. Misri nayo ilikuwa katika hali hiyohiyo. Walichobadilishana Kyoto na Cairo kilikuwa ujuzi uliozaliwa na mlango uliofungwa.

Mchumi wa afya hamkatalii mpasuaji kwamba wagonjwa wanakufa. Anachouliza ni nani aliyewaleta wodini. Jibu analijua kila mtu wa afya ya jamii Misri, na halipendezi. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali iliendesha kampeni kubwa dhidi ya kichocho, ugonjwa wa mashambani uliokuwa ukiwasumbua wakulima tangu zama za Mafarao. Dawa ya wakati huo ilikuwa chumvi ya antimoni, iliyochomwa kwenye mshipa, sindano nyingi kwa mgonjwa mmoja, na sindano zenyewe zilitumika kwa mtu huyu na yule bila kuchemshwa vya kutosha. Vidonge vya prazikwanteli vilipokuja kuchukua nafasi yake, virusi vya homa ya ini aina ya C vilikuwa vimekwisha kusambazwa vijiji kwa vijiji. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikuta karibu asilimia 15 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 59 wana dalili katika damu kwamba waliwahi kuambukizwa. Kampeni ya kuokoa ini dhidi ya kichocho ndiyo iliyoliua ini kwa njia nyingine.

Kutoka hapo hoja ya mchumi inakwenda moja kwa moja. Mwishoni mwa mwaka 2013 dawa ya vidonge ya sofosbuviri iliidhinishwa Marekani, ikauzwa dola 84,000 kwa matibabu ya wiki 12. Mwaka 2014 Misri iliafikiana na kampuni yenye dawa hiyo kupata matibabu hayo kwa dola 900, kisha viwanda vya ndani vikaishusha bei hiyo zaidi. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 karibu watu milioni 50 walipimwa katika kampeni ya Maisha Milioni 100 yenye Afya, na waliokutwa na virusi wakapewa dawa bila malipo. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa ya kwanza kufika daraja la dhahabu kwenye njia ya kuutokomeza ugonjwa huo. Ni upasuaji gani, anauliza mchumi, uliowahi kufanya robo ya hayo?

Kwa hesabu, mchumi ameshinda. Lakini hesabu yake ina tarehe, na tarehe haziko upande wake. Wapasuaji walipoanza upya mwaka 2001 vidonge hivyo havikuwapo. Tiba iliyokuwapo ilikuwa sindano za intaferoni, za miezi mingi, zenye madhara makali, na mwenye sirosisi iliyokomaa hakuweza kuzistahimili. Kumwambia mgonjwa wa mwaka 2003 asubiri kinga ya mwaka 2018 si sera. Isitoshe, kidonge huua kirusi. Kovu lililokomaa mara nyingi hubaki, na saratani huweza kuota ndani yake miaka baada ya mgonjwa kuambiwa amepona. Daktari wa magonjwa ya ini anaongeza kitu ambacho pande zote mbili huelekea kukisahau: kabla ya vidonge, aliyepandikizwa kwa sababu ya homa ya ini C alikuwa akiliambukiza ini jipya kwa damu yake mwenyewe, karibu kila mara. Vidonge ndivyo vilivyolilinda ini la kupandikizwa. Mchumi na mpasuaji walikuwa wakigombania mgonjwa yuleyule, naye alihitaji kazi ya wote wawili.

Mwanasheria anaingia kwa swali jingine: kwa nini mtoaji awe mtu aliye hai? Misri ina watu zaidi ya milioni 100 na ajali za barabarani nyingi, maiti hawakosekani. Kilichokosekana ni maafikiano juu ya nani amekufa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Sheikh Muhammad Mutawalli al-Sha'rawi, mhubiri aliyetazamwa na mamilioni kwenye televisheni, alisema mwili ni mali ya Mungu na binadamu hana haki ya kutoa asichokimiliki. Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliyekuwa Mufti wa Misri na baadaye Sheikh wa al-Azhar, aliruhusu kutoa kiungo mradi kisiuzwe. Nje ya Misri njia ilikuwa imefunguka zaidi: baraza la maulamaa wakuu wa Saudi Arabia liliruhusu utoaji wa viungo mwaka 1982, na Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu, lililokutana Amman mwaka 1986, lilikubali kwamba mtu ambaye ubongo wake umesimama kabisa bila tumaini la kurudi anahesabiwa kuwa amekufa. Fatwa hizo zinajulikana pia Zanzibar, Mombasa na Muscat, na yeyote atakayeandika sheria ya viungo katika mwambao atakutana nazo.

Ingekuwa rahisi kuyaweka yote mabegani kwa masheikh, kama waandishi wengi wa nje wanavyofanya. Ukweli ni kwamba baadhi ya madaktari wa Misri wenyewe walikuwa wapinzani wakali wa kifo cha ubongo, na wananchi maskini walikuwa na hofu yenye msingi kwamba figo na maini yao yangeishia kwa wenye fedha. Sheria namba 5 ya mwaka 2010 ilikuja baada ya ubishi wa miaka mingi bungeni. Ilipiga marufuku kununua na kuuza viungo, ikataka mtoaji awe jamaa, ikaruhusu asiye jamaa kwa idhini ya kamati maalumu tu, na ikazuia Mmisri kumpa mgeni kiungo isipokuwa katika hali chache kama ndoa. Mwaka 2017 adhabu zikaongezwa. Kuchukua viungo kwa waliokufa kuliruhusiwa katika maandishi hayohayo, lakini mazoea ya hospitali hayakubadilika, na mzigo wote umebaki juu ya jamaa walio hai.

Mzigo huo una vipimo, na hapa ndipo daktari wa ini anapotaka mjadala ukae kwa muda mrefu. Ini la mtu mzima huwa na uzito wa gramu 1,200 hadi 1,500. Mgonjwa wa kilo 70 huhitaji kipande kisichopungua takriban asilimia 0.8 ya uzito wake, yaani gramu 560. Akipata pungufu, kipande kidogo hufurikwa na damu nyingi inayotoka matumboni, hushindwa kazi, na mgonjwa hurudia manjano na kujaa maji siku chache baada ya upasuaji uliosifiwa kuwa umefanikiwa. Kwa upande wa pili, mtoaji hatakiwi kubakiwa na chini ya asilimia 30 hadi 35 ya ini lake. Tuseme ini la mtoaji lina gramu 1,300. Upande wa kulia ukiwa na gramu 800, mgonjwa ametoshelezwa na mtoaji amebakiwa na 500, sawa na asilimia 38. Hesabu imekubali, lakini kwa nafasi ndogo. Na kama ini la mtoaji lina mafuta, nafasi hiyo hupotea, kwani gramu za mafuta hazifanyi kazi ya ini. Katika miji ambako soda, chipsi na kukaa kitako vimezoeleka, kijana anayeonekana mzima huweza kukataliwa kwa sababu hiyo tu, na wengi hukataliwa.

Wapasuaji wenyewe hawajakubaliana kila kitu. Mshipa wa katikati unaotoa damu kwenye ini hupita kwenye mpaka wa kulia na kushoto. Timu ya Fan Sheung Tat, Hong Kong, ilipoanza mwaka 1996 kutumia upande wa kulia kwa wagonjwa wazima, iliuchukua mshipa huo pamoja na kipande, ili mpokeaji apate njia kamili ya kutolea damu. Vituo vingi huuacha kwa mtoaji na kuunda njia mbadala kwa mpokeaji, ingawa kazi hiyo huongeza saa mezani. Anayetaka kujua kituo kinamtanguliza nani aulize mshipa wa katikati unabaki kwa nani, na kwa vigezo gani.

Kisha kuna kifo. Makadirio yanayotumika duniani ni kwamba kati ya watoaji 1,000 wa upande wa kulia, 2 hadi 5 hufariki. Kwa wanaotoa sehemu ndogo ya kushoto kwa ajili ya mtoto, karibu 1. Wanaopata tatizo la namna fulani, kuanzia kidonda kuchelewa kupona hadi nyongo kuvuja tumboni, ni wengi zaidi: kati ya mmoja kwa watano na wawili kwa watano. Januari 2002 mwanamume aliyempa ndugu yake sehemu ya ini alifariki siku tatu baada ya upasuaji katika hospitali kubwa ya New York, na mamlaka ya jimbo ikausimamisha mpango huo. Mwaka 2003 Japani, baada ya zaidi ya miaka kumi ya kazi, ilipata kifo chake cha kwanza cha mtoaji. Hizo ni nchi ambako damu ipo, wauguzi wanatosha usiku, na mtoaji anayebadilika hali saa tisa alfajiri anaonekana saa tisa alfajiri. Mpasuaji anajibu kwamba wagonjwa wasiopandikizwa hufa wote. Ni kweli, lakini jibu hilo linamhusu mgonjwa. Mtoaji asingekufa.

Kwa hiyo mwanasheria anarudi na suala la ridhaa. Mtoaji wa kawaida Misri ni kijana: mtoto kwa baba, kaka kwa kaka, mpwa kwa mjomba. Hakuna aliyemshikia bunduki, ila amekaa sebuleni ukoo mzima unamtazama. Akiwa ndiye pekee ambaye damu yake imelingana, kusema hapana ni kujitangaza muuaji. Vituo vyenye uzoefu vimebuni njia ya kumwokoa. Daktari asiye wa timu ya mpokeaji hukaa naye faragha, na akionekana hataki, familia huambiwa neno moja tu: hafai. Haielezwi kama hafai kwa mafuta, kwa mishipa au kwa hofu. Wako wanaoiita njia hii uongo wa kitabibu. Lawama hiyo inapuuza kwamba moyo usiotaka ni sababu halali ya kutofaa kama vile mishipa iliyokaa vibaya, na familia haidai kuoneshwa picha za mishipa. Kinachotia wasiwasi zaidi ni kituo ambacho hakijawahi kumkataa mtoaji kwa sababu hiyo hata mara moja. Na fedha nazo zinazungumza: sheria huweza kukataza malipo, lakini haiwezi kuona shamba lililobadilisha jina miezi sita baadaye.

Afrika Mashariki inausikiliza mjadala huu ikiwa bado mlangoni. Muhimbili ilipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017 kwa ushirikiano na wapasuaji kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018 kwa msaada wa Wajapani. Wenye kuhitaji ini husafiri, hasa India, wakiongozana na jamaa atakayetoa kipande, wenye uwezo kwa fedha zao na wengine kwa harambee. Mpasuaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaona fedha zinatoka na ujuzi unabaki kulekule, na anauliza kama figo imewezekana, ini linangoja nini.

Linangoja ngazi zake. Kabla ya kukata ini la mtu mwenye afya, timu inapaswa kuwa imekata maini ya wagonjwa mengi: saratani, uvimbe, majeraha ya ajali. Ramani ipo tangu Claude Couinaud alipoligawa ini sehemu nane mwaka 1957, na njia ya kubana shina la mishipa ili kupunguza damu inayomwagika ilielezwa na James Hogarth Pringle mwaka 1908. Maarifa hayo si siri. Kinachokosekana ni mazoea: daktari wa usingizi anayejua kushusha shinikizo la damu ya mshipa mkuu wakati wa kukata, mtaalamu wa picha anayepima ujazo wa kila upande wa ini, mtu wa kuingiza kamera tumboni kuzibua mrija wa nyongo, maabara ya kupima kiwango cha dawa ya kupunguza kinga ambayo mpokeaji ataimeza maisha yake yote. Nyongo ndiyo adui mkubwa wa upasuaji huu. Huvuja wiki ya kwanza au mrija husinyaa mwaka wa pili, na hospitali isiyo na mtu wa kuushughulikia mrija huo haina mpango wa kupandikiza, hata ikiwa na mpasuaji bora. Uzuri wa ngazi hizi ni kwamba kila moja inaokoa watu kwa nafsi yake, hata kama ile ya juu haitafikiwa.

Mchumi hawezi kuyapita haya bila kurudisha hoja yake kwa sura ya nyumbani. Ini la Afrika Mashariki huharibiwa na homa ya ini B, pombe, kichocho cha matumbo kuzunguka Ziwa Viktoria, na sumukuvu kwenye mahindi na karanga, ambayo ikikutana na homa ya ini B huzidisha mno hatari ya saratani. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu mashariki mwa Kenya yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua. Hao wasingeokolewa na kituo chochote cha upandikizaji. Wangeokolewa na ghala kavu.

Kwa watoto, hata hivyo, hoja ya mchumi inalegea. Wapo wanaozaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Huwa na manjano yasiyoisha na kinyesi cheupe, na mara nyingi huanikwa juani wiki baada ya wiki kwa matumaini kwamba manjano yataisha. Upasuaji alioubuni Morio Kasai huko Japani huweza kuipitisha nyongo, lakini huhitaji mtoto afike katika miezi miwili hivi ya mwanzo. Akichelewa, wengi hawafikishi miaka miwili bila ini jipya. Hakuna ghala wala kidonge cha kuzuia ugonjwa huu. Mtoto wa kilo nane anahitaji kipande kidogo cha kushoto, ambacho hatari yake kwa mtoaji ndiyo ndogo kuliko zote, na mtoaji huwa mzazi. Johannesburg ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2013 katika Hospitali ya Wits Donald Gordon, na mwaka 2017 ikampandikiza mtoto asiye na virusi vya Ukimwi kipande cha ini la mama yake mwenye virusi hivyo, baada ya kuona kwamba kusubiri mtoaji mwingine ni kumwacha afe. Daktari wa ini anaona njia ya kuanzia iko hapo, kwa watoto, na mpasuaji akibanwa hukubali, ingawa wagonjwa wenye sauti na fedha ni wazee wenye sirosisi.

Wanapotofautiana bado ni idadi ya vituo. Misri iliviacha vikachipua, vya serikali na vya binafsi, na baadhi yake hufanya upasuaji mchache kwa mwaka. Mpasuaji wa mkoani husema mgonjwa asilazimishwe kuhamia mji mkuu. Mwanasheria anataka kituo kimoja kwa nchi, au kimoja kwa nchi kadhaa, chenye daftari ambamo kila mtoaji ameandikwa na anaitwa kupimwa mwaka wa kwanza, wa tano na wa kumi, kwa gharama ya kituo. Mpokeaji hurudi mwenyewe kwa sababu ana dawa za kuchukua. Mtoaji, ambaye hadaiwi wala hapewi chochote, hurudi kazini, na hospitali nyingi humjua tena pale tu anapoletwa na ngiri kwenye kovu.